Uchunguzi wa Maiti na Kifua Kikuu Sugu: Tusiharakishe Kusema Haramu

 

Ndugu zangu katika imani, makala hii ni ya kulipa deni. Miaka michache iliyopita, nikiwa nimerejea karibuni kutoka masomoni Khartoum, alifariki hospitalini jirani yetu mmoja, fundi seremala, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Alikuwa amekwishatumia dawa za kifua kikuu mara mbili, na mara zote mbili alipata nafuu kisha akarudi kitandani. Mara ya tatu hakukaa wodini hata wiki. Alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri, na makohozi yake hayakuwahi kupimwa kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuyatoa. Daktari kijana alitukuta nje ya mochwari, akatoa pole, kisha akamwomba mdogo wake marehemu ruhusa ya kumchoma maiti sindano kifuani na kuchukua kipande kidogo cha pafu, ili ijulikane kama maradhi yale yalikuwa sugu. Mdogo wake hakujibu. Alinigeukia mimi, akasema: "Ustadh, unasemaje?"

Nikasema haiwezekani. Nikasema heshima ya Muislamu haikatiki kwa kufa kwake, nikaitaja Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) kuhusu mfupa wa maiti, nikaisoma kwa Kiarabu mbele ya mtu asiyejua Kiarabu, kisha nikamtazama kama mtu aliyeshinda mjadala. Hakubishana nami. Tulimchukua maiti wetu, tukamwosha, tukamsalia baada ya adhuhuri. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeilinda Sunna.

Ilipita miezi kumi. Binti wa marehemu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wangu aliyekuwa amefika nusu ya Juzuu Amma, akaanza kukohoa. Alipewa dawa za kifua kikuu za kawaida, akazinywa miezi miwili bila ya kukosa hata siku moja, kwani mama yake alikuwa akimsimamia, na bado akazidi kukonda. Alipopimwa upya alikutwa na kifua kikuu sugu. Daktari aliyenieleza habari hiyo hakuwa yule wa mochwari, wala hakujua yaliyopita. Alisema tu kwamba lau maradhi ya baba yangejulikana mapema, watoto wote wa nyumba ile wangeitwa wakapimwa wiki ile ile, na huyu asingepotezewa miezi miwili kwa dawa zisizomfaa.

Siwezi kuapa kwamba sindano ile ingegundua kitu. Elimu ya ghaibu iko kwa Allah. Lakini mlango ulikuwepo, na niliufunga mimi kwa fatwa ambayo sikuwa nimeitafiti.

Basi tuanze na maradhi yenyewe, maana wengi wetu tunaposikia "kifua kikuu sugu" tunadhani ni kifua kikuu kilichozidi ukali. Sivyo. Ni kifua kikuu ambacho vimelea vyake havifi kwa dawa zinazotegemewa zaidi, nazo ni isoniazidi na rifampisini. Mgonjwa hunywa vidonge kwa wakati, huamini anatibiwa, familia yake nayo huamini hivyo na kulala naye chumba kimoja, ilhali vimelea vinaendelea kuzaliana na kutoka kwa kila kikohozi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu wapatao laki nne duniani waliugua kifua kikuu cha aina hii, na kati ya kila watano ni wawili tu waliogunduliwa na kuanzishiwa matibabu. Hao watatu waliobaki wako wapi? Baadhi yao wako majumbani. Wengine tumekwisha kuwazika.

Hapa ndipo ulipo umuhimu wa uchunguzi wa maiti. Takwimu za hospitali huhesabu waliofika, wakatoa makohozi, wakasubiri majibu na wakawa hai majibu yalipotoka. Mgonjwa aliyedhoofu hatoi makohozi. Mwenye virusi vya UKIMWI mara nyingi kifua kikuu chake hakikai mapafuni peke yake, bali hukaa katika tezi, ini, wengu na utando wa ubongo, mahali ambapo kopo la makohozi halifiki. Na njia ya zamani ya kuotesha vimelea maabara ili kujua kama ni sugu huchukua majuma kadhaa, muda ambao mgonjwa mahututi hana. Matokeo yake ni kuwa wale walioathirika zaidi ndio wasiohesabiwa, na cheti cha kifo huandikwa "homa ya mapafu" au huandikwa kifua kikuu bila ya kusema ni cha namna gani.

Wenzetu wa Afrika Kusini waliliona hilo mapema kwa sababu lilikuwa limewafika. Katika mji mdogo wa Tugela Ferry, jimbo la KwaZulu-Natal, ilitangazwa mwaka 2006 habari ya wagonjwa 53 waliopatikana na kifua kikuu kilichokataa takriban dawa zote za wakati ule. Kati yao walifariki 52, na nusu yao hawakumaliza hata siku kumi na saba tangu makohozi yao yalipochukuliwa. Wengi walikufa kabla ya majibu kutoka maabara. Swali likawa: ni wangapi wengine wanaokufa katika hospitali za jirani bila ya yeyote kujua?

Basi kuanzia mwaka 2008 hadi 2009 watafiti walikwenda katika hospitali ya Edendale, katika jimbo hilo hilo, wakaomba idhini za familia, na wakachukua sampuli kutoka kwa marehemu 240 wenye umri wa miaka 20 hadi 45. Hawakupasua mwili mzima. Walivuta majimaji ya njia ya hewa na kutumia sindano kuchukua vipande vidogo vya mapafu, ini, wengu na tezi. Nusu ya marehemu wale walikutwa na vimelea hai vya kifua kikuu. Katika waliokuwa hawatumii dawa za kifua kikuu kabisa, asilimia 42 walikuwa navyo. Katika kila vimelea mia vilivyooteshwa, kumi na saba vilikuwa sugu kwa dawa zote mbili nilizozitaja.

Lakini kuna tarakimu moja katika utafiti ule iliyonifanya niweke kitabu chini. Waliangalia wale waliofariki wakiwa katika kipindi cha mwanzo cha dozi yao ya kwanza kabisa maishani, watu ambao hawajawahi kukatisha dawa kwa sababu hawakuwahi kupewa kabla. Asilimia 16 yao walikuwa na kifua kikuu sugu. Maana yake ni nini? Ni kwamba hawakujisababishia usugu kwa uzembe. Waliambukizwa ukiwa tayari sugu, kutoka kwa mtu mwingine, pengine aliyelala kitanda cha jirani. Nami nakumbuka vizuri maneno yaliyosemwa kwenye tanga la yule fundi seremala, kwamba "alikuwa haishiki dozi." Mjane alisikia. Hatukuwa na ushahidi wowote, na maiti ambaye angeweza kutupa ushahidi tulikuwa tumekwisha kumfukia. Kumsengenya maiti nako si kuivunja heshima yake?

Lusaka nako, katika Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu, madaktari waliwachunguza kikamilifu marehemu 125, watu wazima waliofia wodini kati ya mwaka 2012 na 2013. Waliokutwa na kifua kikuu ni 78. Kati ya hao 78, ishirini walikufa bila ya kugunduliwa, na kumi na watatu walikuwa na kifua kikuu sugu. Hii ni hospitali kubwa kuliko zote nchini Zambia, yenye maprofesa na maabara. Kabla ya hapo, mwaka 2002, ilichapishwa kazi nyingine ya hospitali hiyo juu ya watoto 264 waliokufa kwa maradhi ya njia ya hewa, na takriban mmoja katika kila watano alikutwa na kifua kikuu. Ikiwa hali ni hiyo huko, sisi wa hospitali za wilaya tuna haja gani ya kujidanganya?

Sasa tuje kwenye hukumu. Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), waliyoipokea Abu Daud, Ibn Majah na wengineo, haina utata katika maana yake: mfupa wa maiti una hadhi ile ile aliyokuwa nayo mwenyewe alipokuwa hai. Asili ya jambo, basi, ni kwamba mwili wa maiti hauguswi kwa kuudhiwa, haukatwi, haufanyiwi mchezo. Yeyote anayelianza suala hili bila ya kuanzia hapo ameanza vibaya. Lakini ndugu msomaji aitazame vyema dalili yenyewe, maana mimi sikuitazama siku ile. Imemlinganisha maiti na aliye hai. Na aliye hai tunamchoma sindano, tunampasua, tunamkata hata mguu, ikiwa iko haja ya tiba inayotambulika. Kinachokatazwa kwa aliye hai ni kumdhuru na kumdhalilisha, na hicho ndicho kinachokatazwa kwa maiti.

Mafakihi wetu wa kale walilijua hilo. Imam Nawawi katika Al-Majmu' amelizungumza suala la mwanamke aliyekufa na tumboni mwake mna mtoto anayetarajiwa kuishi, na madhehebu ya Shafi ni kwamba tumbo hupasuliwa ili mtoto atolewe. Wanazuoni wengi wa Hambali hawakukubali kupasua, na hoja yao ni ile ile hadithi, kwa hiyo tusidai kwamba pana ijmai. Hata hivyo Mashafi walikwenda mbali zaidi, wakazungumzia mtu aliyemeza mali ya mwenziwe kisha akafa, mwenye mali akaidai, na kauli mashuhuri kwao ni kwamba tumbo hupasuliwa mali ikarudishwa. Kwa ajili ya kito cha thamani! Ikiwa haki ya mtu katika mali inaweza kufika huko, basi haki ya mtoto katika mapafu yake mwenyewe iwekwe daraja gani?

Na si lazima tutegemee kiyasi chetu. Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudi Arabia lilitoa uamuzi mwaka 1396 Hijria, yaani 1976, likiruhusu uchunguzi wa maiti kwa ajili ya kuthibitisha jinai, na vilevile kwa ajili ya kuyatambua maradhi ya kuambukiza ili hatua za kinga zichukuliwe. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha kumi huko Makka mwaka 1987, likaruhusu kwa sababu hizo na kwa ajili ya mafunzo ya udaktari, na likaweka masharti: kwa maiti anayejulikana pawepo idhini yake kabla ya kufa au idhini ya warithi wake, kisivukwe kiasi cha haja, maiti wa kike achunguzwe na madaktari wa kike ila wakikosekana, na sehemu zote zizikwe. Kule Misri Sheikh Hasanayn Muhammad Makhluf, aliyekuwa Mufti wa nchi hiyo, aliruhusu kabla ya hao. Wapo waliopinga, nao ni watu wa elimu, na hoja yao kubwa ni kwamba maslahi ya uchunguzi ni ya kudhania ilhali kuivunja hadhi ya maiti ni jambo la yakini. Hoja hii ina uzito kwa upasuaji wa mwili mzima unaofanywa bila ya sababu maalumu. Kwa sindano, na kwa mtu aliyekufa kwa kifua ambacho dawa zilikishindwa, naiona ni dhaifu.

Mtu atauliza: Umar bin Al-Khattab (r.a.) anaingiaje hapa? Alipofika Sargh akielekea Sham na kuambiwa kwamba tauni imezuka, hakutoa hukumu papo hapo. Aliwaita Muhajirina akawauliza, akawaita Answari, akawaita wazee wa Kikureshi, na kila kundi akalisikiliza, mpaka Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipokuja na elimu aliyokuwa nayo kutoka kwa Mtume (s.a.w.). Khalifa wa Waislamu aliuliza makundi matatu. Mimi mwalimu wa madrasa sikumuuliza daktari hata swali moja. Sikuuliza sindano ni ya ukubwa gani, wala itachukua muda gani, wala majibu yatamfaa nani.

Majibu ya maswali hayo ni mepesi. Njia ya sindano, ambayo katika miaka ya karibuni imetumiwa kuchunguza sababu za vifo vya watoto Msumbiji, Mali, Bangladeshi, na hapa jirani Kisumu na Siaya, haifungui mwili. Huacha alama ndogo za sindano ambazo muosha maiti hufunika kwa pamba. Mali na Bangladeshi ni nchi za Waislamu, na kuna familia za huko zilizokubali. Sampuli ya pafu yaweza kuwekwa katika mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwishoni mwa mwaka 2010, nayo hutoa jibu juu ya rifampisini kwa muda usiozidi saa mbili. Maziko hayangoji hata jibu hilo. Kinachongojewa ni kuchukua sampuli tu, na tukisema kweli, sisi wenyewe humngojea shemeji anayetoka Dar es Salaam kwa basi muda mrefu zaidi ya huo.

Na yatamfaa nani? Zamani ungesema hayamfai yeyote, kwani hata aliye hai tiba yake ilikuwa miezi kumi na minane hadi ishirini na minne, pamoja na sindano za kila siku zilizowaharibu wengi masikio. Tanzania ilianza kuwatibu wagonjwa hawa mwaka 2009 huko Kibong'oto, Kilimanjaro, na mgonjwa wa mwambao alikuwa akiagana na wake zake kama anayekwenda safari ya mwaka. Leo si hivyo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wagonjwa wengi dozi ya vidonge vitupu ya miezi sita. Kubwa zaidi kwa mada yetu, mwaka 2024 likapendekeza dawa ya kinga, levofloksasini ya kila siku kwa miezi sita, kwa wanaoishi na mgonjwa wa kifua kikuu sugu, baada ya majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini na Vietnam. Lakini kinga hiyo hupewa familia inayojulikana kuwa imekaa na maradhi sugu. Ikiwa baba amezikwa na siri yake, watoto hawamo katika daftari la mtu yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa katika majarida yetu, nalo ni waosha maiti. Maiti hakohoi, ni kweli, na hatari yake ni ndogo kuliko ya mgonjwa aliye hai. Lakini tunapomuosha tunamwinua, tunamgeuza ubavu, na tunalibonyeza tumbo taratibu kama tulivyofundishwa, na hewa iliyobaki mapafuni hutoka. Wanaofanya kazi hii ni wazee, wengine wana kisukari, na wanaifanya kwa ajili ya Allah bila ya malipo. Bafu la kuoshea maiti katika msikiti wetu lina mlango mmoja na halina dirisha. Tulikuwa tukiufunga mlango ule kwa ajili ya stara, na tukifukiza ubani. Sasa tumetoboa madirisha mawili ya juu, karibu na dari, stara ikabaki na hewa ikapita, na tumenunua barakoa za N95, kwani zile za kitambaa hazizuii vimelea hivi. Gharama yote haikufika nusu ya tulichochangia kwa ajili ya vipaza sauti vipya. Historia ya tiba inamtaja Laennec, tabibu wa Kifaransa aliyevumbua kifaa cha kusikilizia kifua, ambaye aliwahi kujijeruhi kidoleni alipokuwa akichunguza maiti wa kifua kikuu, na mwaka 1826 alikufa kwa maradhi hayo hayo. Mochwari nazo zina wafanyakazi wenye familia.

Sitaki ieleweke kwamba nawafungulia mahospitali mlango wafanye watakavyo. Wapo ndugu zetu waliokabidhiwa maiti wao akiwa ameshonwa bila ya wao kuulizwa chochote, na hasira yao ni ya haki. Upo pia woga wa sampuli kwenda Ulaya zikawa mali ya watu. Kwa hiyo idhini iwe ya maandishi na kwa Kiswahili, itaje ni nini kinachochukuliwa na kutoka wapi, aulizwe walii wa karibu na si mpwa aliyekutwa langoni, na maiti wa kike ashughulikiwe na mwanamke. Nami naongeza sharti ambalo halimo katika maazimio ya Makka: majibu yarudi nyumbani. Daktari anayechukua sampuli ya baba na asirudi kuwapima watoto amechukua maslahi ya elimu yake na kutuachia madhara yetu. Familia ikisema hapana baada ya kueleweshwa, ni haki yao, wasitishwe wala wasicheleweshewe mwili.

La ajabu ni kwamba polisi wakitaka maiti apasuliwe kwa ajili ya kesi, hatusemi neno. Tunakaa nje kwenye benchi tunangoja, kwa kuwa ni amri ya serikali na pengine kwa kuwa tunataka muuaji apatikane.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule daktari wa mochwari. Amehamishiwa wilaya nyingine, lakini nilipata namba yake nikampigia, nikajitambulisha, nikamwomba radhi. Hakunikumbuka vizuri, akasema familia nyingi humkatalia na mara nyingi huwa yupo mtu mwenye kilemba. Tukakubaliana aje Ijumaa moja baada ya swala awaeleze maamuma, na aje na sindano yenyewe waione kwa macho yao. Binti wa marehemu amemaliza dawa zake, alhamdulillah, na sasa yuko Suratul-Mulk. Mdogo wake wa mwisho, mwenye miaka mitatu, bado anakwenda kliniki kupimwa.

Wallahu aalam.